Nimefika "abdomen", bado sijui kuomba mopu

SWALI: Habari Mwalimu. Naishi Kayole, na tangu Januari nafanya usafi katika jengo moja la ofisi huko Westlands. Msimamizi wetu hutuachia maagizo kwa karatasi, yote Kiingereza. Wiki jana aliandika "Please empty the bins". Neno "empty" nalijua, ni tupu. Nikadhani anasema ndoo za taka ziko tupu, nikazipita. Kesho yake nilifokewa mbele ya wenzangu. Nimenunua kamusi ya mitumba pale Tom Mboya nikaanza mwanzo kabisa. Nimefika "abdomen". Nyumbani nako mtoto wa gredi ya nne ananiuliza tofauti ya "borrow" na "lend", namwambia amuulize mwalimu wake. Nianzie wapi?
Mama wa Kayole

JIBU: Anza kwa kuifunga hiyo kamusi, dada yangu. Usiitupe, itakufaa baadaye, lakini haikuandikwa isomwe kama hadithi. Hilo "abdomen" utakutana nalo kliniki, na hata huko daktari atakwambia tumbo.

Nimecheka, ila sikucheki wewe. Mimi nilikuja Nairobi kutoka Kilifi mwaka 1987 na cheti changu cha kupiga taipu. Nikaitwa intavyuu kwa simu ya dukani, nikaambiwa nifike "at eight". Eight ni nane, hilo nilikuwa nalo tangu darasa la pili. Nikaingia saa nane mchana, poda usoni, miguuni viatu nilivyoazima kwa binamu. Mlinzi akanitazama kwa huruma: wenzangu walifika saa mbili asubuhi, na mmoja wao alikuwa ameshaonyeshwa meza yake. Hakuna aliyenieleza kwamba saa za Mwingereza huanza kuhesabiwa usiku wa manane, zetu jua likichomoza. Tangu siku hiyo neno nisilolijua haliniogopeshi, maana hilo nitauliza. Naliogopa lile ninalolijua nusu.

"Empty" yako ni ndugu ya "eight" yangu. Sisi tuna "tupu" ya kueleza kitu kilivyo, na tuna "kumwaga" ya kazi yenyewe. Mwingereza neno moja linamtosha kwa yote mawili. Hata "clean" ni safi na pia ni kusafisha, "dry" ni kavu na pia ni kukausha, "open" ni wazi na pia ni kufungua. Ukiliona neno la namna hiyo limekaa tu baada ya "please", jua umepewa kazi.

Sasa nunua daftari la kurasa 96 na uligawe kwa vyumba vya jengo lako. Ukurasa wa choo, ukurasa wa jikoni, wa ngazi, wa lifti, wa ofisi ya meneja. Ukiwa chooni andika unachokigusa: sinki ni "sink", mfereji ni "tap", na ile karatasi iliyobandikwa mlangoni, "out of order", maana yake choo kimeharibika. Usiandike neno likiwa pweke. Andika pamoja na kitu linachofanyiwa: "wipe the table", "mop the floor", "sweep the stairs", "rinse the cups". Ndivyo utakavyoyasikia, na ndivyo utakavyoyasema. (Kupiga deki pia ni mtoto wa Kiingereza, kutoka sakafu ya meli. Kwa hiyo nusu ya kazi yako unaifanya kwa Kiingereza bila kujua.)

Hapo kwenye kumwaga, kaa kidogo. Ukimimina chai kikombeni, "pour". Chai ikikuponyoka ikamwagika kwenye zulia, "spill". Sisi tofauti hiyo tunaionyesha kwa mkia wa kitenzi: kumwaga, kumwagika. Kiingereza kinabadilisha neno zima. Ukimwambia msimamizi "I poured tea on the carpet", umekiri kwamba ulifanya kusudi. Sema "The tea spilled", na hapo hapo ukachukue tambara.

Matamshi nayo ni shida, kwa sababu tumezoea kusoma kila herufi. Andika neno lao, chini yake uandike unavyolisikia kwa herufi zetu. Kwenye "receipt" hiyo p haitamkwi, na sisi tulilichukua likawa risiti bila p yoyote. "Cupboard" nayo p yake ni ya kutazamwa tu, ndiyo maana wazee wetu waliandika kabati. Masikio yao hayakuwa na kosa, yaandike yako vilevile.

Maneno matano kwa siku yanatosha. Kwenye matatu, mkikwama Jogoo Road, funika upande wa Kiingereza kwa kiganja na ujiulize. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Wala usifikiri mlima ni mrefu mno. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ambayo aliona mwanafunzi ayatangulize, kwa kuwa hayo ndiyo yanayojirudia kila mahali. Na Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 kutangaza habari kwa Kiingereza cha polepole chenye maneno 1,500 hivi. Mimi nilikuwa nazisikiliza usiku nikipiga pasi sare ya kazi, kwa maana kazi nilipata hatimaye, kwingine, nikifika saa mbili kasorobo.

Nimebakisha mtoto. Kosa la "borrow me a pen" linasikika Nairobi nzima, na asili yake ni kuazima kwetu. "Niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kimoja kinachokwenda pande zote mbili. Mwingereza ana mawili: "lend" ni ya mwenye kitu anayekitoa, "borrow" ni ya anayekichukua. Mwambie akumbuke pesa, maana kwenye pesa sisi pia tunatenganisha. Anayekopa, "borrow". Anayekopesha, "lend". Na Jumamosi mpitie Maktaba ya Makadara, akusomee kitabu cha watoto wa darasa la chini yake. Wewe utakuwa unasikiliza kama mama na unasoma kama mwanafunzi, hatajua.

SWALI: Mimi ni soja wa lango huko Kilimani. Mgeni kutoka Uingereza alijikwaa kwenye ngazi, nikamwambia "Sorry". Akajibu, "It's not your fault". Nilikosea wapi?
Soja

JIBU: Hukukosa adabu, ndugu yangu. Wewe ulimpa pole, yeye akasikia unaomba msamaha. Wao husema "sorry" wakikiri kosa, na pia wakimpa mtu rambirambi, lakini aliyejikwaa aghalabu humuuliza, "Are you all right?" Kwa Wakenya wenzako endelea na "sorry" yako, wataielewa. Ila "pole na kazi" usithubutu kuitafsiri. Nilimwambia bosi wangu wa kwanza "sorry for the work", akaacha kalamu na kuniuliza ni kazi gani nimeiharibu.

SWALI: Nimepiga marufuku Kiswahili nyumbani ili binti yangu wa miaka 8 azoee Kiingereza. Mama yake anasema namharibu mtoto. Nani ana haki?
Baba, Githurai

JIBU: Mama yake.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Shuleni binti yako anapimwa kwa vyote viwili. Isitoshe, nyumba ambayo baba akikosa neno ananyamaza haitamfunza mtoto Kiingereza, itamfunza kunyamaza. Weka saa moja ya Kiingereza jioni, mchezo uwe mchezo, saa zilizobaki msimuliane kwa lugha mnayoimudu.

Na Jumapili mkipika, mwite jikoni. Mwonyeshe mchele kwenye sinia mkichambua mawe, mwonyeshe wali ukishaiva, mwambie kule Mwea shambani unaitwa mpunga. Halafu umuulize Kiingereza cha kila kimoja. Atakujibu "rice", "rice", "rice", kisha atakuuliza kwa nini.