Dogo, hiyo Gmail fungua mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi

Dogo wa Morogoro, simama hapo hapo. Swali lako nimelisoma ndani ya daladala nikapitiliza kituo. Umeuliza mambo mengi: wimbo utoke siku gani, TikTok ufanyeje, Boomplay inalipa au hailipi, mashabiki utawapataje. Mimi macho yamekwama kwenye mstari mmoja tu, uliouandika kama si kitu: kwamba meneja amekuambia usihangaike, umpe laki tatu na nusu, akaunti zote atakufungulia yeye.

Usimpe. Kama umeshampa, kamdai leo kabla hajala.

Hilo "usihangaike" mimi nililisikia mwaka 2020, Mbagala, kwenye studio ambayo kuta zake zimebandikwa trei za mayai. Jamaa alikuja na laptopu mgongoni, kila baada ya maneno mawili anasema "algorithimu", mimi natikisa kichwa kama mjusi kafiri. Nikampa laki mbili na nusu. Hela yenyewe ilikuwa ya mchezo, zamu ya mke wangu kupokea. Hilo lina uzi wake, sitaki kulifungua hapa.

Akafungua Gmail mbele ya macho yangu. Jina la kwangu, picha ya kwangu nimevaa miwani ya kuazima. Ikafika pale Google wanapoomba namba ya simu. Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Akasema, "Tuweke yangu kwanza, tutabadilisha." Sekunde kumi hazikufika. Nimeshawahi kupoteza pikipiki, lakini sekunde zile zimeniuma kuliko pikipiki.

Wimbo ukapenya. Vigodoro vyote vya upande wetu ulikuwa unapigwa mpaka DJ anaurudia mara tatu. Chaneli ya YouTube aliyoifungua kwa Gmail ile ikafika watu 11,000 na ushee. Vigezo vya YouTube vya kuanza kulipwa kwa matangazo, wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, tulivivuka kabla ya mfungo. Sasa sikia: hela ikifika dola 10, Google wanatuma barua ya posta yenye PIN ya kuhakiki anwani. Hiyo barua ilienda kwenye sanduku la posta la nani? Na malipo hayatoki mpaka zifike dola 100, kwa hiyo kila nikiuliza naambiwa "bado inakomaa". Hela inakomaa, kwani ndizi?

Siku nimekaza kuuliza, usiku wake paswedi ikagoma. Nikabonyeza pale pa kusahau paswedi. Kioo kikaniandikia kwa Kiswahili safi kabisa kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu inayoishia na 47. Yangu inaishia na 12. Nilikaa kitandani naitazama ile 47 kama matokeo ya mtihani. Laini imesajiliwa kwa kidole chake, kwa NIDA yake. Hata ningekwenda kuirudisha, ningejitambulisha kama nani?

Baada ya wiki mbili chaneli ikabadilishwa jina. Mpaka leo inatoa mikeka ya mechi. Video zangu kafuta zote, kabakiza ule mmoja unaoingiza. Mama mdogo akanipigia kutoka Lindi: "Mwanangu, siku hizi unabeti?"

Nikajikaza, nikafungua chaneli mpya, nikapandisha wimbo wangu mwenyewe, sauti yangu, mashairi yangu. Hazijapita dakika tano, dai la hakimiliki hilo hapo. Kumbe aliusambaza kwenye majukwaa ya muziki ya mtandaoni kwa akaunti yake, ukaingia kwenye ule mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, Content ID. Mfumo haujui aliyeimba, unamjua aliyesajili. Nikapinga dai. Mdai anapewa siku 30 za kujibu. Bwana mkubwa alikuwa bize na mikeka, hakujibu, dai likafa lenyewe. Ndiyo ushindi wangu pekee kwenye hadithi hii, msininyang'anye.

Najua mtasema nilikuwa mshamba. Sawa. Lakini mshamba mwenye wafuasi 11,000, wewe unacheka unao wangapi? Na simlaumu yule peke yake. Aliyenikutanisha naye ni prodyuza wangu, akaniambia "huyu mtu wetu". Mtu wenu ndiyo, wangu hakuwa.

Kwa hiyo dogo: Gmail yako, umeifungua kwenye simu yako, kwa laini yenye kidole chako. Paswedi asiijue mtu, hata anayekulipia studio. Meneja akisema atafanyaje kazi bila paswedi, ama hajui kazi ama anaijua mno. Ndani ya YouTube Studio kuna Mipangilio, humo kuna Ruhusa. Unamwalika kwa Gmail yake kama mhariri, anapandisha video mpaka achoke. Hutaki aone mapato, ipo nafasi ya mhariri mwenye mipaka. Siku mkikosana unamfuta, unaendelea na chai yako. Na kwa anayekupeleka Boomplay, Spotify na kwingineko ni vivyo hivyo: akaunti ya msambazaji, yaani ile kampuni inayopeleka nyimbo huko, iwe ya jina lako, yeye mlipe kwa kazi yake.

Mashabiki uliuliza. Chaneli ilipoondoka, niliobaki nao ni wale 63 ambao namba zao zilikuwa kwenye simu yangu. Hao ndio walioisambaza chaneli mpya. Tangu hapo nikishuka jukwaani nazunguka na simu: nisevu, na mimi nikusevu. Lazima na wao wakusevu, la sivyo ujumbe wa pamoja wa WhatsApp hauwafikii, na orodha moja inachukua watu 256. Sasa nina orodha nne. Chaneli ina watu 2,300, wachache, lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kutafuta mkeka.

Siku ya kutoa wimbo watu husema Ijumaa. Toa hata Jumanne, mimi hainihusu. TikTok waulize wadogo zako, mimi huwa naanza kucheza video imeshaisha. Kulikuwa na kitu kingine umeuliza, nimesahau, na kurudi nyuma kutafuta siwezi, chaji asilimia nne.

Wewe nijibu moja tu: hiyo namba mtakayoandika Google wakiomba, laini yake imesajiliwa kwa kidole cha nani?