Karavani imekaa tu mwaka mzima, sevisi ya nini?

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi na mke wangu tulinunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ikiwa na umri wa miaka mitatu. Muuzaji alituambia bodi ina dhamana ya miaka sita dhidi ya maji kupenya, kwa hiyo tumebakiwa na miaka mitatu ya kutulia. Mwaka huu tumesafiri nayo mara mbili tu, na sasa tumeletewa barua ya kutukumbusha sevisi. Naona ni kutupa fedha, maana chombo kilichokaa kitaharibikaje? Isitoshe, shemeji yangu ni fundi magari hodari na amejitolea kuishughulikia. Pia tungependa kufunga paneli ya sola kwenye paa. Unatushauri nini? – Baba Mapacha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza toa kitabu cha sevisi ukikague mwaka kwa mwaka. Kila mwaka unatakiwa uwe na vitu viwili: muhuri wenye tarehe, na karatasi ya vipimo vya unyevu. Dhamana ya bodi huhesabiwa tangu siku mwenye wa kwanza alipoichukua karavani, nayo huwa hai kwa sharti la sevisi ya kila mwaka. Mwaka mmoja ukirukwa, watengenezaji wengi huihesabu imekufa, hata kama mwaka uliofuata karavani ilipelekwa. Na mara nyingi haihamii kwa mnunuzi wa pili yenyewe tu. Mtengenezaji lazima ajulishwe ndani ya siku zilizotajwa kitabuni. Hilo la kujulisha, kama hamjalifanya, lifanyeni wiki hii.

Tarehe nayo ina ukali wake. Watengenezaji huweka muda wa kupeleka karavani, kabla na baada ya tarehe iliyonunuliwa ikiwa mpya. Wengine hutoa siku 60, wengine 90. Kitabu chenu ndicho kitakachosema, si mimi wala muuzaji.

Mimi niliumia hapo hapo. Karavani yangu ya kwanza niliipata kabla sijawa fundi, na mwaka wa pili nilimuuguza mama, sevisi ikapita. Nilijiambia kama unavyojiambia wewe: haijatoka, haina kosa. Mwaka wa tatu niliipeleka. Fundi aliweka kipima unyevu kwenye kona ya mbele, chini ya dirisha, akanyamaza. Mwaka wa kwanza kona ile ilikuwa asilimia 11. Sasa ilisoma 34. Walipobandua ukuta wa ndani, plaiwudi ilikatika mikononi kama kadibodi iliyolowa. Maji yalikuwa yameingia kwenye tundu la skrubu moja ya reli ya alumini, mahali ambapo gundi ya kuzibia ilikuwa imekauka na kunywea. Dhamana ilikataliwa kwa sababu ya ule muhuri mmoja uliokosekana. Kipande cha plaiwudi ile ninacho mpaka leo kwenye droo ya karakana yangu, na mteja akiniuliza swali lako humpa akishike.

Ndiyo maana nakusihi usiitazame sevisi kama ada ya kulinda dhamana tu. Ukuta wa karavani nyingi ni tabaka tatu: ganda la nje la alumini au plastiki, povu jepesi katikati, na plaiwudi nyembamba ndani. Maji yakipita kwenye maungio hayakwambii. Hukaa katikati, yakaozesha mbao kuanzia ndani, na doa la kwanza unalolishika kwa macho huwa limechelewa sana. Na mvua haijali kama mmesafiri au mmeegesha.

Kipima unyevu husoma hivi: chini ya asilimia 15 ni shwari, 15 hadi 20 ni pa kuangaliwa, zaidi ya 20 patafutwe chanzo, na ukipita 30 kwa kawaida mbao zimeshaanza kuharibika. Lakini namba moja peke yake inasema kidogo. Kona iliyosoma 12 mwaka jana na 17 mwaka huu inanitisha kuliko ile inayosoma 17 kila mwaka, maana ya kwanza inapanda, na bado ni mapema kuiziba kwa gundi mpya na saa chache za kazi. Ukiruka mwaka, unaipoteza ile namba ya kulinganishia. Kwa hiyo usikubali kuondoka karakanani na muhuri pekee. Omba mchoro wa karavani wenye vipimo vilivyoandikwa mahali kwa mahali, uufungie ndani ya kitabu.

Sasa, kukaa kwenyewe. Breki za karavani nyingi hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani hulisukuma kwa mbele, na ule msukumo huvuta nyaya zinazobana breki. Ikikaa miezi kadhaa huku breki ya mkono imefungwa, viatu vya breki hushikana na ngoma kwa kutu. Mkiegesha kwa muda mrefu mahali tambarare, wekeni vizuizi imara kwenye magurudumu, kisha legezeni breki ya mkono. Betri nayo hujimaliza yenyewe polepole. Ikiachwa chini ya volti 12.4 kwa muda, sahani zake huanza kujifunika chumvi za salfeti na hairudi kuwa ilivyokuwa. Hata buibui hupenda karavani iliyokaa. Nimetoa utando ndani ya bana, yaani kichomeo, ya friji ya gesi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na utando ule mdogo unatosha kufanya moto uwake vibaya na kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kwa ajili hiyo, kengele ya kugundua hewa hiyo ina tarehe ya mwisho imeandikwa mgongoni. Isome leo, kabla mapacha hawajalala humo tena.

Kuhusu shemeji. Simdharau, na nina hakika injini anaijua kuliko mimi. Ila karavani haina injini. Ina gesi, maji, umeme wa aina mbili, na maungio ya bodi. Gesi hupimwa kwa geji ya mgandamizo na mtu aliyeidhinishwa, na mpira wa gesi una tarehe yake, hata ukionekana mzima. Kisha kuna nati ya katikati ya gurudumu: kwenye ekseli nyingi za karavani za kisasa hutumika mara moja tu. Ngoma ikivuliwa kukagua breki, nati ile hutupwa na kufungwa mpya kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa ekseli. Fundi magari asiyejua hilo atairudisha ya zamani kwa nia njema kabisa, na gurudumu likaja kutoka barabarani. Ukishapeleka karavani sevisi, uliza swali hili moja: "Nati za zamani ziko wapi?" Fundi aliyevua ngoma kweli atakuonyesha.

Na hata shemeji akifanya yote sawasawa, kama mtengenezaji hamtambui, muhuri wake hautahesabiwa kwenye dhamana. Mwacheni afanye mambo mengine, nayo si machache: kuangalia taa na plagi, kusafisha kichwa cha kuungia na kulipima lile tufe la chuma la gari, kukagua waya wa kukatikia, ule unaovuta breki karavani ikichomoka kwenye gari. Mwambie tu asipake grisi kwenye tufe kama karavani yenu ina kichwa chenye kuzuia kuyumba. Kichwa hicho hushika kwa msuguano, na grisi huua msuguano.

Paneli ya sola: ngojeni. Kila tundu jipya kwenye paa ni mlango wa maji, na dhamana nyingi za bodi huondoa sehemu iliyotobolewa bila idhini. Hata paneli ya kubandika kwa gundi inahitaji waya upite mahali fulani. Andikieni mtengenezaji, pateni jibu la maandishi, kisha ifungwe na karakana itakayoandika kazi hiyo kwenye kitabu. Mkikosa idhini, kuna paneli za kukunja zinazowekwa chini pembeni mkifika. Mimi natumia hiyo, na paa langu halina tundu.

SWALI: Matairi ya karavani yetu yana kashata kama mapya, lakini karakana inataka tuyabadilishe. Ni haki? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Yawezekana ni haki kabisa. Karavani haisafiri vya kutosha kumaliza kashata. Tairi lake huzeeka kwa jua na kwa kubeba uzito mahali pamoja. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi naanza kushauri kubadilisha tairi likifika miaka 5, na likipita 7 silikubali kutoka nalo karakanani, hata liwe zuri namna gani. Pinda ubavu kidogo kwa vidole uone kama kuna nyufa nyembamba, na usisahau tairi la akiba, kwa kuwa kwa kawaida umri wake ni ule ule. Yakishafungwa mapya, endesheni kama kilomita 50, msimame mahali salama, mkaze nati tena kwa spana ya kipimo.