Fundi Anajibu: Kazi za bati na watoto nyumbani

SWALI: Fundi shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 13, tuko Mbagala. Likizo hii nataka tutengeneze kitu cha bati, ila mashine ya kuchomelea sina na hata ningekuwa nayo naogopa. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba baba. Kuchomelea achana nako, anzeni na taa ya mshumaa ya kopo. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, likoshe, jaza maji uache kama sentimita 2 juu, weka friza mpaka asubuhi, maana kopo tupu ukiligonga linabonyea lakini likiwa na barafu ndani linatulia. (Kitako kikivimba usishtuke, utakigonga kirudi.) Chora nyota au chochote kwa maka, lilaze juu ya taulo lisibingirike, huyo wa 9 atoboe kwa msumari wa inchi 3 na nyundo ndogo, we simama karibu tu. Barafu ikiyeyuka kausha, weka mshumaa, zimeni taa muone ukuta unavyopendeza!

Wa 13 mpe mkasi wa bati na kipande cha bati jembamba, geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati), akate kizoleo cha taka, glavu lazima, na kingo zote azikunje kwa plaizi kisha azigonge zilale, bati linakata kama wembe jamani. Vipande ulizia eneo la Gerezani, karibu na Kariakoo. Ila yale mabati ya kuezekea msiyatie motoni, yana zinki, moshi wake unaleta homa.