Muvi imeniliza, baba anasema nimelilia uongo

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni binti wa miaka 22, naishi Pasua hapa Moshi. Juzi nimeangalia muvi, baba anamsamehe kijana aliyemuua mwanae, nikalia mpaka chakula kikanishinda, usiku ule ule nikampigia dada yangu, hatujaongea mwaka mzima sababu ya ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Baba ni mzee wa kanisa usharikani, anasema wale ni waigizaji wamelipwa na Mungu hasemi na mtu kupitia uongo. Kweli nimekosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hiyo simu, najua ugomvi wa kihamba unavyouma.

Ni kweli wale ni waigizaji, ila hilo ulilijua toka mwanzo, hukukimbilia polisi kuripoti mauaji. Anayedanganywa hajui. We uliamua kuacha kubisha kwa muda, kwa hiari yako, na mshairi mmoja wa Uingereza, Samuel Taylor Coleridge, aliliandika hilo toka 1817, akaliita imani ya kishairi.

Sasa muombe baba, kwa adabu, mfungue pamoja 2 Samweli 12. Nabii Nathani kaenda kwa mfalme Daudi na stori ya tajiri mwenye mifugo kibao aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, aliyekuwa akilala kifuani pake. Huyo kondoo hakuwepo popote! Lakini mfalme akawaka, akaapa huyo mtu lazima afe, ndo anaambiwa "Wewe ndiwe mtu huyo". Nathani angeanza na habari za Uria, ambaye Daudi alimchukulia mkewe kisha akaagiza auawe, naamini Daudi angejitetea.

Nikiwa mdogo tulioneshwa usiku filamu ya Yesu, ile ya 1979 inayofuata Injili ya Luka, shuka jeupe ukutani, jenereta inanguruma. Misumari ilipoanza kugongwa bibi yangu akavua kanga ya kichwani akaikunja, akainuka nusu, kama anataka kwenda kumfuta damu. Na shuka lile alilitoa yeye mwenyewe nyumbani.

Ila yule aliyeigiza Yesu anaitwa Brian Deacon, na nimeshaona watu wamebandika sura yake ukutani wanaiomba, hapo niko na baba yako kabisa, muvi ikiisha iache iishe.

Hukusema dada yako alijibu nini alipopokea simu. Niandikie, nataka kujua.