Hesabu Kila Mdomo wa Maji Kabla Hujailaza Trela

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, hapa St. Cloud, Minnesota, Marekani. Theluji ilikuwa imeyeyuka yote, na wiki iliyofuata tulipanga kuivuta trela yetu hadi kwenye kambi ya ziwani. Ni trela ya kulala: ina jiko, bafu, choo na vitanda, ila haina injini, inavutwa na pikapu. Nikaunganisha mpira wa maji, nikafungua bomba la nyumbani, nikaingia ndani kusikiliza. Jikoni maji yakatoka vizuri. Bafuni vizuri. Ndipo binti yangu akaniita kutoka nje: "Baba, ukuta unatoa maji!"

Nilitoka mbio. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye pindo la ukuta wa ubavuni, chini ya kile kimlango chenye bafu la nje, lile tunaloogeshea watoto miguu wakitoka mchangani. Nilipofungua na kumulika kwa tochi niliona ufa kwenye koki ya plastiki, mwembamba kama uzi, haufiki hata urefu wa ukucha. Maji yalikuwa yameshalowesha sufi ya ndani ya ukuta na kuingia stoo ya chini, tulikoweka magodoro ya watoto. Nilibandua ubao wa ukutani, nikaweka feni siku nne mfululizo hadi pakakauka. Safari ya ziwani hatukwenda.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Oktoba ya mwaka uliotangulia nilikuwa nimelipa karakana wanitayarishie trela kwa ajili ya baridi. Walifanya jikoni, wakafanya bafuni na chooni. Bafu la nje hawakulifungua. Kikombe kimoja cha maji kilichobaki pale kilitosha kuharibu yote hayo. Tangu hapo kazi hii naifanya mwenyewe, huu ni mwaka wa saba, na hakuna kilichopasuka tena. Nawaandikia Waswahili wenzangu mliohamia huku kwenye baridi na mmeanza kununua trela, maana nyingi zinauzwa zikiwa zimetumika, na muuzaji hakupi darasa.

Tuliokulia pwani tunalijua jambo hili tangu utotoni, ila hatukulihusisha na mabomba. Mama yangu aliuza barafu za ukwaju pale Tanga. Alitufundisha tusijaze kifuko hadi shingoni, tuache nafasi ya kufungia fundo na nafasi ya barafu "kunenepa". Aliyesahau chupa ya soda kwenye friza alikuta vipande vya chupa asubuhi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na yakiwa ndani ya bomba lililofungwa hayana pa kwenda. Mabomba ya kisasa ya trela, yale ya plastiki laini yaitwayo PEX, hustahimili kidogo kwa sababu hunyumbuka. Vinavyokufa ni vitu vigumu: koki, viungio vya plastiki, kichwa cha pampu, valvu ya choo, kikombe cha chujio. Na havilii vikipasuka. Barafu yenyewe inaziba ufa msimu mzima, unakuja kuujua siku unapofungua maji.

Kwa huku kwetu Minnesota mimi kazi hii siipitishi katikati ya Oktoba. Usiku mmoja wa nyuzi moja chini ya sifuri huenda usilete madhara kama trela ina joto la mchana, lakini bafu la nje na tundu la kuunganishia mpira wa maji viko ukutani kabisa, vinapata baridi kabla ya kitu kingine chochote. Walioko Texas nao wasijione wamesalimika. Februari 2021 baridi iliingia hadi Houston, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na mabomba yakapasuka hata kwenye nyumba za matofali, seuze trela iliyoegeshwa uani.

Sasa dawa yenyewe, ile tunayoingiza mabombani badala ya maji ili yasipasuke. Nenda duka la vifaa vya magari au la vifaa vya ujenzi, ulizia dawa ya pinki ya mabomba ya trela. Inauzwa kwa galoni. Soma lebo: iwe ya propilini glaikoli. Usithubutu kutumia kulanti ya rejeta ya gari. Ile nyingi ni ethilini glaikoli, ni sumu, na ina utamu unaovutia mbwa na watoto, nawe mabomba haya ndiyo utakayonywea maji kiangazi. Ziko pia dawa za bei ya chini zilizochanganywa na spiriti. Zinashika moto kwa urahisi na zinakausha mipira ya koki, mimi sizinunui. Trela ndogo inatosheka na galoni mbili, mimi nanunua tatu ili nisibane mkono mwishoni. Lebo nyingi zimeandikwa nyuzi 50 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani kama 46 chini ya sifuri za Selsiasi. Ujue maana yake: dawa itakuwa imeshakuwa uji wa barafu kabla ya kufika hapo, lakini haipasui bomba. Na hesabu hiyo ni ya dawa isiyochanganywa na maji. Ndiyo sababu kumwaga maji yote kwanza ni nusu ya kazi.

Anza na matangi machafu, ukiwa bado kambini au kwenye kituo cha kumwagia. Tangi la choo kwanza, kisha la maji ya sinki na bafu, ili haya ya pili yausafishe mpira. Ukirudi nyumbani fungua kizibo cha tangi la maji safi, liache lichuruzike.

Kwenye hita ya maji nakuomba uwe mpole. Zima umeme wake na gesi yake tangu jana yake, maji yalale yapoe. Siku ya kazi, hakikisha pampu imezimwa na mpira wa maji umetolewa, halafu fungua koki ya maji moto jikoni na uinue kile kimkono cha valvu ya usalama juu ya hita ili presha itoke. Hapo ndipo ushike spana na kufungua kizibo cha chini, ukiwa umesimama kando, uso usielekee tundu. Hita ya galoni 6 inamwaga lita 23 hivi, na ukiifungua ikiwa moto itakuunguza vibaya sana. Kama tangi lake ni la chuma, kizibo kitatoka na fimbo ndefu ya magnesiamu. Fimbo hiyo imewekwa ili iliwe na kutu badala ya tangi. Yangu mwaka wa tatu ilitoka imebaki waya mtupu na vinundu viwili, nikaibadilisha siku hiyo hiyo. Kama tangi ni la aluminiamu utakuta kizibo cha kawaida tu, usitie fimbo. Ingiza maji kidogo kwa mpira, ukoshe ule unga mweupe wa chokaa uliotulia chini.

Nyuma ya hita, mara nyingi ndani ya kabati au chini ya kitanda, kuna valvu za kuipitisha dawa pembeni. Zikiwa tatu, funga ile ya maji baridi yanayoingia hita na ile ya maji moto yanayotoka, kisha fungua ya katikati inayoyaunganisha mabomba hayo mawili. Usipofanya hivyo, galoni zako tatu zote zitamezwa na hita na hutaona pinki kwenye koki hata moja. Nimempigia simu jirani mara mbili kwa tatizo hili, na mara zote mbili ilikuwa valvu moja tu imesahauliwa.

Ingia uvunguni mwa trela utafute mabomba mawili mafupi yenye vifuniko, aghalabu kimoja chekundu na kingine cha buluu. Ndiyo sehemu ya chini kabisa ya mfumo. Yafungue, fungua koki zote za ndani, kanyaga pedali ya choo, acha maji yaishe. Toa chujio la maji ulitupe, kikombe chake ukikaushe. Kisha mimi hupuliza mabomba kwa mashine ya upepo, na sipitishi psi 40, maana viungio hivi havikuumbwa kwa presha ya tairi. Wapo wanaoishia hapo, upepo tu bila dawa. Kwa mtu wa Georgia, kule kusini kusiko na baridi kali, sina neno. Kwa sisi ambao Januari inatufikisha nyuzi 30 chini ya sifuri, upepo pekee siuamini, kwa sababu maji hubaki ndani ya pampu na kwenye mabonde ya bomba, yakijikusanya taratibu baada ya wewe kufunga mlango.

Funga sasa kila ulichofungua. Kwenye pampu kuna kimpira kifupi chenye valvu yake. Kitumbukize kwenye galoni ya dawa na ugeuze valvu ili pampu ivute huko badala ya kwenye tangi. Kama trela yako haina, fungua mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu, uweke wa kwako mfupi. Washa pampu. Utaisikia ikinguruma, halafu ikikaza na kunyamaza.

Nenda kwenye koki iliyo karibu na pampu kuliko zote. Fungua upande wa baridi. Itakohoa, itatema upepo, yatatoka maji meupe, kisha yenye rangi hafifu kama juisi iliyozimuliwa. Usifunge hapo. Hiyo bado ni maji yenye dawa kidogo. Subiri mpaka itoke pinki iliyokolea, hesabu hadi tano, ndipo ufunge. Rudia upande wa moto. Halafu koki inayofuata.

Hapa ndipo karakana ile ilipokosea, na ndipo wengi wetu tutakapokosea, kwa sababu mtu hufuata anachokiona. Chukua karatasi uandike kila mdomo unaotoa maji kwenye trela yako. Yangu ina tisa: sinki la jikoni mbili, sinki la bafuni mbili, bafu mbili, choo kimoja, bafu la nje mbili. Trela kubwa ina zaidi: kimpira cha kuoshea tangi la choo, friji inayotengeneza barafu, labda mashine ya kufulia, na kila kimoja kina utaratibu wake kwenye kitabu cha trela. Bafu la mkono liinue juu, kisha lishushe sakafuni, litoe yote yaliyolala kwenye mpira wake. Choo kanyaga pedali hadi bakuli liwe pinki. Karatasi yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la pampu, kila mdomo una kisanduku cha kuweka alama.

Pamebaki mahali pamoja pasipoandikwa kwenye karatasi za watu wengi: lile tundu la nje la kuunganishia mpira wa maji. Ndani yake kuna kivalvu cha springi kinachozuia maji yasirudi, na nyuma yake hubaki maji. Zima pampu, fungua koki moja presha itoke, toa kichujio cha waya taratibu, halafu bonyeza kile kivalvu kwa mpini wa kijiko hadi pinki ichuruzike.

Malizia na mikunjo ya bomba chini ya masinki na bafu. Mimina kikombe cha dawa kwenye kila tundu, na vikombe viwili vitatu chooni ili tangi na mpira wa valvu yake visikauke. Kisha bandika plasta juu ya swichi ya umeme ya hita. Swichi hiyo ikiwashwa hita ikiwa tupu, koili inaungua kwa dakika chache tu.

Majira ya kuchipua kazi ni nyepesi: pitisha maji safi hadi rangi iishe, rudisha valvu za hita na uijaze kabla ya kuiwasha, kisha safisha tangi kwa jiki isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15 za maji. Pitisha mchanganyiko huo kwenye koki zote, uulaze usiku mmoja, asubuhi mwaga na usuuze mpaka harufu itoke.

Oktoba hii kazi yote ilituchukua saa mbili na nusu. Binti yangu, aliyekuwa wa kwanza kuuona ule ukuta ukitoa maji, sasa ndiye anayeshika karatasi na kalamu. Mimi nafungua, yeye anaangalia rangi. Tulipofika bafu la nje nilitaka kufunga mapema kwa sababu vidole vilishakufa ganzi, akanizuia: "Bado, Baba. Hiyo ni nyeupe nyeupe." Tukasubiri mpaka ikakolea, akaweka alama ya tisa.