Mtutu kujaa madini ya risasi: pima kipenyo kwanza

Kaka, unasema vichwa vya risasi unavyosubu mwenyewe vinaacha madini ya risasi ndani ya mtutu. Kabla hujaongeza antimoni (metali inayogumisha risasi) ili vichwa viwe vigumu zaidi, pima kipenyo. Wengi hukimbilia ugumu, na mara nyingi ndio unaozidisha tatizo. Kichwa kigumu kwenye baruti hafifu ya .38 Special (aina ya risasi za rivolva) hakitanuki kuziba mtutu, kwa hiyo gesi ya moto hupenya pembeni, huyeyusha madini ya kichwa na kuyapaka kwenye ukuta wa mtutu.

Sukuma kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu (bunduki tupu, umekagua mara mbili), kisha kipime kwa maikromita kwenye kipenyo cha mifereji (michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu). Kichwa chako kizidi hapo kwa sehemu moja ya elfu ya inchi: mtutu wa .357, kichwa .358. Kwa rivolva angalia pia matundu ya silinda (gurudumu linaloshika risasi) upande wa mbele. Yakiwa membamba kuliko mtutu, yatakiminya kichwa kabla hakijafika, na hapo hakuna grisi ya kupaka vichwa itakayokuokoa.

Uchafu ulipo unasema mengi. Ukianza karibu na silinda, shuku kipenyo. Ukitokea mdomoni mwa mtutu tu, grisi imeisha njiani. Grisi ya nta ya nyuki na Alox (kilainishi cha dukani) nusu kwa nusu inatosha kwa mwendo wa bastola.

Kusafisha, zungushia brashi kuukuu nyuzi za shaba tupu, zile za kusugulia sufuria. Zijaribu kwa sumaku kwanza, maana nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Na nawa mikono kabla ya kula.