Re: Wauza chakula waondolewe bustani ya pwani ikikarabatiwa?

Kaka uliyeuliza kama muwatoe wauza chakula jumla ndo muanze ukarabati wa bustani yenu ya ufukweni, usithubutu, kaangalie bustani ya Forodhani pale Unguja. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni waliishika na serikali ikafunguliwa upya Julai 2009, ukuta wa bahari ukatengenezwa, mitaro, taa, sehemu ya watoto, ila wale wa mishkaki na juisi ya miwa walirudi, na jioni hapo bila wao watu wangefuata nini? Upepo? Hata vijana wa makachu, wale wa kupiga mbizi kwa mbwembwe, bado wanajirusha baharini toka ukutani.

Nyie anzeni kukaa na watu, na sio mkutano wa saa nne asubuhi wa kuhudhuriwa na wazee watatu na mjumbe, nendeni jioni pale pale, muulizeni mama wa urojo maji machafu anamwaga wapi. Kwetu tuliwekewa mabenchi ya zege juani kabisa, mti hakuna, sasa hivi wanaanikia dagaa. Pia hela ya kufagia na kubadili taa ijulikane inatoka wapi kabla fundi hajaletwa.